Pau za kukaza bodi: je, zinalisaidia gari la barabarani kushika kona? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa mwenye gari la kutembelea kila siku: sedani, hachibaki, gari la wazi juu, au gari la zamani linalotunzwa. Magari ya mashindano yana mahitaji yake, nayo yanatajwa pale tu yanapogusana na barabara ya kawaida.

## Mambo ya msingi

1. Pau za kukaza bodi ni nini hasa?

Ni vipande vya chuma au alumini vinavyounganisha sehemu mbili za bodi zenye tabia ya kusogeleana, kuachana au kupishana gari linapokata kona au kuangukia shimo. Unaojulikana zaidi ni upau wa mbele, unaopita juu ya injini na kuunganisha minara ya shokapu, yaani zile sehemu mbili zilizoinuka chini ya boneti, kulia na kushoto, ambako kila shokapu imefungwa kwa nati mbili au tatu. Kuna upau wa nyuma ndani ya buti, pau za chini zinazounganisha maungio ya amu (mikono ya suspenshoni inayoshika magurudumu) au kushika krosimemba (boriti ya chini inayokatiza upana wa gari), na vipande vifupi vinavyofichwa ndani ya madigadi kuunganisha mnara na nguzo ya mlango.

2. Tofauti yake na stabilaiza ni ipi?

Stabilaiza ni sehemu ya suspenshoni. Inazunguka kwenye bushi zake na kuunganisha magurudumu mawili ya ekseli moja kupitia linki, ili gari lisilale sana kwenye kona. Ukiweka stabilaiza nene nyuma ya gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, utaona badiliko siku hiyohiyo: pua inapunguza tabia ya kutoka nje ya kona.

Upau wa bodi hauna sehemu inayotembea, na haupunguzi gari kulala. Anayelalamika kwamba gari lake linalala sana akinunua upau wa mbele, amenunua kitu kisichohusiana na shida yake.

3. Kwa hiyo, zinaboresha namna gari linavyoshika barabara?

Kwa gari la kisasa lenye paa la chuma, bodi nzima na suspenshoni ya kiwandani, ushikaji hauongezeki kwa kiasi ambacho dereva wa barabarani angekigundua. Kinachoweza kubadilika ni hisia ya usukani: gari linaitikia mapema kidogo unapoanza kukata. Kwa gari la zamani, la wazi juu, au lililowekewa springi ngumu sana, faida inaweza kuwa kubwa zaidi.

Sababu iko kwenye hesabu. Bodi inaposokotwa, mbele ikivutwa upande mmoja na nyuma upande mwingine, ukinzani wake hupimwa kwa nyutoni-mita kwa kila digrii. Sedani nyingi za kisasa zinapita 20,000, na zipo zinazozidi 30,000. Magari mengi ya miaka ya 1980 yalikuwa chini ya 10,000. Suspenshoni ya gari la kawaida hupinga kulala kwa takriban 1,000 hadi 2,000 kwa digrii. Vitu hivi viwili hufanya kazi kama springi zilizofungwa mfululizo, na iliyo laini ndiyo inayoamua.

Chukua suspenshoni ya 1,500 na bodi ya 20,000. Kwa pamoja zinatoa takriban 1,395. Kaza bodi kwa asilimia 10 nzima, ifike 22,000, na unapata 1,404. Ongezeko hilo halijafika hata asilimia 1. Sasa chukua gari la zamani lenye bodi ya 5,000, lililowekewa springi na stabilaiza ngumu zenye jumla ya 3,000. Matokeo ni 1,875. Ikaze bodi hadi 6,500 na unafika 2,053, zaidi ya asilimia 9 juu. Hapo dereva anahisi. Muhimu zaidi, ukibadilisha stabilaiza ya mbele au ya nyuma, gari linaanza kuitikia kama ulivyokusudia, kwa sababu bodi haimezi tena sehemu ya marekebisho yako. Hesabu hii imerahisishwa, lakini inaonyesha wazi kwa nini upau uleule unasifiwa na mmoja na kudharauliwa na mwingine, na wote wawili wakawa wakweli.

4. Mbona watu wengi wanasema walihisi tofauti kubwa?

Mara nyingi upau hufungwa siku moja na matairi mapya, shokapu mpya au alaimenti, na sifa zote zinakwenda kwa kile kinachong'aa chini ya boneti. Wakati mwingine nati za mauntini, yaani vishikio vya juu vinavyoifunga shokapu kwenye mnara, zilikuwa zimelegea, fundi akazikaza alipokuwa akifunga upau, na kugongagonga kukaisha. Pia mtetemo unaofika kwenye usukani na dashibodi hubadilika, na mwili wa dereva husoma badiliko hilo kama wepesi wa gari. Njia ya kutenganisha hisia na ukweli iko kwenye swali la 14.

## Kuchagua

5. Nitajuaje kama gari langu ni la aina inayofaidika?

Anza na suspenshoni ya mbele. Kwenye mfumo wa MacPherson, shokapu yenyewe ndiyo inayolisimamisha gurudumu upande wa juu, kwa hiyo sehemu ya nguvu ya kona inafika kwenye mnara na kuusukuma kwa pembeni. Huko upau una kazi. Kwenye mfumo wa amu mbili, ya juu na ya chini, nguvu za pembeni zinapokelewa na maungio ya amu, na mnara unabeba zaidi mzigo wa wima wa springi. Kama maungio ya amu ya juu hayako karibu na pale upau unapofungwa, upau huo unabaki kuwa pambo.

Kisha fungua boneti uangalie mnara ulivyokaa. Kama umeshikana na ukuta unaotenganisha injini na dashibodi, na kuna bati nene linalounganisha pande zote mbili, kiwanda kimeshakufanyia kazi hiyo. Kama minara imesimama peke yake, mbali na ukuta, upau una nafasi ya kusaidia.

Mwisho, tazama matundu ya bodi. Hachibaki yenye mlango mpana wa nyuma na viti vinavyolala haina ukuta wa chuma kati ya kabati (sehemu ya abiria) na buti, tofauti na sedani nyingi. Gari la wazi juu halina paa kabisa. Hayo ndiyo magari yanayosokotwa.

6. Nianze na upau wa mbele, wa nyuma au wa chini?

Hachibaki yenye springi ngumu: wa nyuma. Gari la MacPherson lenye minara iliyo mbali na ukuta: wa mbele. Gari ambalo krosimemba yake ya mbele ina umbo la U lililo wazi upande mmoja: wa chini, unaofunga ule upande ulio wazi. Huu wa chini haupigiwi debe kwa sababu hauonekani, lakini uko karibu na mahali nguvu za matairi zinapoingilia bodi, na kwa magari mengi ndio wenye mantiki kuliko yote.

Kuna jambo jingine linalosahaulika. Upau mmoja ulionyooka kati ya minara miwili unazuia minara kusogeleana au kuachana, lakini hauizuii yote miwili kusogea upande mmoja kwa pamoja. Kinachozuia hilo ni pembetatu: upau ulioshikwa pia kwenye ukuta wa nyuma ya injini. Ford Mustang Shelby GT350 ya mwaka 1965 ilikuwa na vyote viwili, upau kati ya minara na kiunganishi kutoka minara hadi ukutani. Kama unaweza kupata upau wenye mguu wa tatu wa kufunga ukutani, chagua huo.

7. Chuma au alumini? Ulionyooka au uliopinda?

Alumini inavutika takriban mara tatu zaidi ya chuma kwa nguvu na unene uleule, kwa hiyo upau wa alumini unapaswa kuwa mnene zaidi ili ulingane na wa chuma. Tofauti hiyo bado si kubwa ukilinganisha na ile ya umbo.

Bomba la chuma la kipenyo cha milimita 28, unene wa ukuta milimita 2, urefu wa mita 1, likiwa limenyooka, linafupika kwa takriban milimita 0.1 likisukumwa kwa nyutoni 3,000. Lipinde bomba hilohilo likwepe injini, sehemu kubwa yake ikae milimita 50 nje ya mstari wa ncha zake, na ncha ziwe huru kuzunguka: nguvu ileile inalikunja kwa karibu milimita 3. Ugumu wake umeshuka zaidi ya mara ishirini, na rangi yake haijabadilika. Kwa hiyo weka ncha moja ya upau karibu na jicho, utazame kutoka ncha hadi ncha. Kadiri unavyotoka nje ya mstari, ndivyo unavyofanya kazi kidogo.

8. Upau wenye viungo vya bolti kwenye ncha ni mbovu?

Si lazima. Bolti iliyoenea vizuri kwenye tundu lake inapitisha mvuto na msukumo bila shida. Ubovu unaanza tundu likiwa pana kuliko bolti. Nafasi ya nusu milimita kila upande inatosha kumeza mwendo wote ambao upau ulipaswa kuuzuia. Ushike mkononi kabla ya kununua, uuzungushe na kuuvuta. Ukisikia unacheza, uache. Uliolehemiwa kuwa kipande kimoja na vibao vyake vya kufungia kwenye mnara ni bora, ila unadai minara iwe pale ilipokusudiwa na kiwanda, jambo ambalo gari lililowahi kugongwa haliwezi kuahidi.

9. Fedha ni kidogo. Ninunue upau au kitu kingine?

Kitu kingine, karibu kila mara. Matairi mazuri yenye upepo sahihi yanabadilisha gari kuliko pau zote zikijumlishwa. Baada yake: bushi za amu, boljointi, tairodi na shokapu. Bushi ya amu iliyochoka inaruhusu gurudumu kusogea milimita kadhaa, wakati mnara wa shokapu kwenye gari zima unasogea sehemu ya milimita. Hakuna sababu ya kufukuza kile kidogo na kuacha kikubwa. Kisha alaimenti iliyofanywa kwa vipimo vilivyochapishwa, ikifuatiwa na stabilaiza au springi ukipenda. Pau zinakuja hapo, gari likiwa halina kinacholegea.

## Kufunga na matunzo

10. Upau wa mbele unafungwaje?

Gari liwe kwenye sakafu iliyo sawa, limesimama kwa magurudumu yake. Usilipige jeki: uzito wa gari ndio unaoizuia shokapu kushuka wakati nati za juu zimetolewa.

Fungua nati za pembeni tu. Nati ya katikati ya shokapu isiguswe kamwe, kwa sababu kwenye MacPherson ndiyo inayoizuia springi iliyobanwa isifyatuke, na springi hiyo inaweza kuua. Safisha uso wa mnara hadi utelezi wa mafuta uishe, na toa rangi ya ziada au lami ya kuzuia kutu mahali kibao kitakapokaa. Safu laini ikibaki chini ya kibao itasagika polepole, na nati zitalegea.

Weka vibao, rudisha nati kwa mkono pande zote mbili, pitisha upau, kisha ndipo ukaze. Nyuzi za bolti zitokeze walau mbili juu ya nati. Kibao cha milimita 4 au 5 kwenye bolti fupi kinaweza kukunyima hilo, na kama nyuzi hazifiki, upau huo haufai kwa gari hilo. Tumia spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) na kipimo cha kitabu cha gari lako. Bolti za M8 mara nyingi hukazwa kwa nyutoni-mita 20 hadi 25 na za M10 kwa 40 hadi 50, lakini kitabu ndicho chenye neno la mwisho. Bolti ya mauntini ikikatika, ni mauntini nzima inayobadilishwa.

Kabla ya kufunga boneti, bandika mabonge ya udongo laini wa kuchezea watoto juu ya upau, shusha boneti taratibu, fungua, upime unene uliobaki. Chini ya milimita 10 ni kidogo mno. Kati ya upau na injini acha walau milimita 20, maana injini inacheza kwenye mauntini zake unapokanyaga mafuta. Rudia kukaza baada ya kilomita 100 hivi.

11. Upau wa kurekebisha urefu unakazwa kiasi gani?

Hadi mchezo uishe, basi. Gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, zungusha kwa mkono hadi usikie upau umeshika, kisha funga nati za kuzuia. Kuendelea kuzungusha kwa spana ili "kuvuta minara" hakuongezi ugumu wa upau. Kunaacha mvutano wa kudumu kwenye bati la mnara.

12. Pau za chini zina hatari gani?

Ya kwanza ni ardhi. Upau wa chini unaweza kuchukua milimita 20 hadi 40 za nafasi, na ukigonga tuta, pigo lote linakwenda kwenye bolti za krosimemba au amu, ambazo hazikukusudiwa kupokea pigo la aina hiyo.

Ya pili inawapata hata mafundi wazuri. Kama upau unashika bolti inayopita kwenye bushi ya amu, bolti hiyo ikazwe mara ya mwisho gari likiwa na uzito wake juu ya magurudumu. Ukiikaza gari likining'inia, mpira wa bushi unabaki umesokotwa kila siku na utachanika mapema, kisha upau utalaumiwa.

Hakikisha pia kwamba bomba la ekzosi haligusi, kwamba nati ya kumwaga oili inafikika, na kwamba mtu anayekubadilishia tairi anajua upau si mahali pa kuweka jeki.

13. Baada ya kufunga, gari linatoa mlio. Tatizo ni nini?

Mlio wa "kwi-kwi" kwenye matuta ni kibao kinachosuguana na mnara: nati imelegea au rangi imesagika chini yake. Kugonga kwa chuma ni upau unaofikia boneti, injini au ekzosi. Tafuta alama inayong'aa. Kama mlio unatoka ndani, kwenye dashibodi, huenda mtetemo umehama tu njia.

14. Nitathibitishaje kwamba upau wangu una kazi?

Pima kabla ya kununua. Chukua mirija miwili myepesi ya alumini inayoingiana, funga mmoja kwenye kila mnara, na uvike pete ya mpira inayobana mahali mirija inapokutana. Mrija unapoingia unaisukuma pete, na pete inabaki pale mwendo ulipofikia mwisho. Endesha barabara zako za kawaida, kona na matuta yakiwemo, kisha pima pete imesogea kiasi gani. Ikiwa ni chini ya nusu milimita, upau hautakuwa na kitu cha kuzuia. Ikiwa ni milimita mbili au tatu, una sababu, na pia una sababu ya kutafuta kutu au nyufa kwanza (angalia swali la 16).

Baada ya kufunga, mwombe mtu autoe au auache bila kukuambia, upepo wa matairi ukiwa uleule, uendeshe njia ileile mara kadhaa na kuandika unachohisi. Ukishindwa kubahatisha sawasawa, umepata jibu lako.

15. Lazima nifanye alaimenti tena?

Kwa upau wa juu, ikiwa nati zilifunguliwa na matundu ya mnara yana nafasi, shokapu inaweza kuhama kidogo na kubadili mlalo wa gurudumu, kwa hiyo pima. Kwa pau za chini zilizolegeza bolti za amu au krosimemba, fanya bila kujiuliza.

## Hali za pekee

16. Gari langu lina kutu, au liliwahi kugongwa. Upau utalikaza?

Hapana, na unaweza kuongeza madhara. Upau unapeleka nguvu sehemu mpya, na bati lililoliwa na kutu kuzunguka bolti litapasuka hapo. Chunguza ukingo wa mnara, mishono ya sakafu na vizingiti vya milango. Kama kibao kinakataa kukaa hadi ukivute kwa nguvu, bodi imekaa vibaya. Inahitaji mtambo wa kunyoosha bodi.

17. Gari la wazi juu linahitaji nini?

Hapa pau za chini na za kuimarisha vizingiti zinahesabika kuliko popote. Kipimo rahisi: weka gurudumu moja la mbele juu ya ukingo wa sentimita 15 na ufunge mlango. Ukikwaruza au kukataa, bodi inasokotwa kwa kiasi kinachoonekana. Magari mengi ya aina hii yametoka kiwandani na pau za msalaba chini ya sakafu. Ukikuta mtu amezitoa ili kufikia giaboksi na hakuzirudisha, zirudishe kabla ya kununua chochote kipya.

18. Na pikapu yenye fremu yake?

Bodi imekaa juu ya mipira na haibebi suspenshoni, kwa hiyo upau kati ya kuta za bodi haugusi chanzo cha msokoto. Isitoshe, fremu ya ngazi inakusudiwa kupinda kidogo ili magurudumu yabaki chini kwenye njia mbaya.

19. Keji ya mabomba ndani ya kabati inafaa gari la kila siku?

Keji kamili iliyolehemiwa hukaza bodi kuliko kitu kingine chochote katika ukurasa huu. Barabarani, bila helmeti na mikanda ya mashindano, bomba lile liko karibu na kichwa chako, na linaweza kuzuia puto za usalama za pembeni zisifunguke. Kwa gari linalobeba familia, usiweke.

20. Kulehemu mishono, au kujaza povu ndani ya vizingiti?

Kulehemu mishono kunafaa gari lililovuliwa hadi bati tupu, kwa vipande vifupi vilivyoachana ili joto lisipinde bodi, na kinga ya kutu irudishwe ndani na nje. Povu gumu linaonekana rahisi, lakini linaziba matundu ya kutolea maji, na kutu inaanza usikoweza kuiona. Siku fundi akilehemu karibu nalo, linatoa moshi wenye sumu na linaweza kushika moto. Mwambie kabla hajawasha mashine.

21. Upau unabadilisha nini gari likigongwa?

Upau wa mbele unaunganisha kulia na kushoto, hivyo pigo la pembe moja linaweza kuvuta pia mnara wa upande wa pili na kuongeza kazi ya kunyoosha. Upau wa ndani ya buti ulio nyuma ya viti usiguse mikanda wala sehemu za kufungia kiti cha mtoto. Itaarifu kampuni ya bima kwa maandishi, na uliza kanuni za ukaguzi wa magari za mahali ulipo kabla ya kutoboa au kulehemu chochote. Nyingi hutofautisha kitu kilichofungwa kwa bolti za kiwandani na kilichounganishwa moja kwa moja na bodi.

22. Vidhibiti-mtetemo vya bodi, kama vile vya Yamaha, ni upau mwingine tu?

Vinafanana kwa macho, ila ndani vina kizuizi kinachopunguza mtetemo mdogo wa bodi badala ya kuikaza bodi tu. Faida yake ni utulivu na sauti, hasa kwenye lami mbovu kwa mwendo mrefu. Usivifunge sambamba na upau mgumu kati ya sehemu zilezile mbili, kwa kuwa upau utakizuia kizuizi kisisogee, na kisiposogea hakina kazi.